UZI: Kitenzi *bьrati cha Waslavi: kilikotoka, watoto wake na mitego yake

Kinyota_Kimoja

Wadau wa historia ya lugha, uzi huu ni wa kitenzi kimoja tu: *bьrati cha Mame-Slavi (lugha mama ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavi), "kuchukua". Nimekichagua kwa sababu kinakutanisha karibu kila kitu kinachomkwamisha anayeanza kujenga upya maneno ya Kislavi: irabu iliyokufa, mzizi unaobadilika sura, maana iliyohama, na ukoo wa majina ambayo huwezi kudhani yametoka tumbo moja.

Alama kwanza, tusije tukagombana bure. Kinyota mbele ya neno maana yake hakuna andiko linalolionyesha. Limejengwa kwa kulinganisha, kama tunavyoandika *-bón- ya Mame-Bantu tukiweka pamoja ona yetu, bona ya Kizulu na kubona ya Kinyarwanda. Herufi ь ni i fupi mno, ъ ni u fupi mno. Zote mbili huitwa yeri. Alama ǫ ni o ya puani, na ę ni e ya puani. Maneno ya Kirusi na wenzake nayaandika kwa herufi zetu, na kistari cha juu (t') ni konsonanti laini, yaani inayotamkwa ulimi ukiinuka kuelekea kaakaa.

Maumbo ya msingi:

kitenzi-jina: *bьrati
nachukua: *berǫ
unachukua: *bereši
anachukua: *beretь
wanachukua: *berǫtь
kivumishi cha wakati uliopita: *bьralъ

Kosa la siku ya kwanza ni kuona bьr- na ber- ukadhani ni mizizi miwili. Ni mmoja. Mame-Hindi-Ulaya, lugha mama ya zamani zaidi iliyozaa Kislavi, Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na wenzao, ilikuwa na mzizi *bʰer-, "kubeba", na mizizi ya lugha ile ilibadilisha irabu ya ndani kulingana na kazi: yenye e, yenye o, au isiyo na irabu kabisa. Wakati uliopo ulitumia e (*bʰer-e-), ndiyo *berǫ. Kitenzi-jina kilijengwa juu ya mzizi usio na irabu, *bʰr̥-, ambapo r yenyewe ilibeba silabi. Katika lugha za Kibaltiki na Kislavi r ya namna hiyo ilipewa i ya kuisindikiza, ikawa bir-, na i fupi katika Mame-Slavi ikazidi kupungua hadi ь. Ongeza kiambishi -a- na mwisho -ti, unapata *bьr-a-ti.

Kiajemi kinafanya mchezo uleule hadi leo: kitenzi-jina ni bordan, shina la wakati uliopo ni bar-. Mzizi ni huohuo na mgawanyo ni huohuo.

Ndugu wa nje ya Slavi ni maarufu: Kisanskriti bharati "anabeba", Kigiriki pherō, Kilatini fero, Kigothi bairan, Kiarmenia berem, Kiingereza bear. Sauti *bʰ ya mwanzo wa neno ilitoka b kwa Waslavi, Wabaltiki na Waajemi, ph kwa Wagiriki na f kwa Walatini. Hilo si bahati, linarudiwa neno baada ya neno.

Pwani_Isimu

Mkuu Kinyota, nakubali berǫ. Ila bьrati unaniuzia mbuzi kwenye gunia. Kirusi brat', Kipolandi brać, Kicheki brát, Kiserbia brati, Kislovenia brati, Kisorbi cha Juu (cha Waslavi wa mashariki mwa Ujerumani) brać. Zote zina br-. Hiyo ь umeitoa wapi? Kwa nini isiwe *brati basi, tukalale?

YeriDhaifu

Swali zuri, na ndilo linaloangusha wengi. Hiyo ь haionekani katika neno likiwa peke yake. Unaiona kwa kivuli chake. Fuata hatua.

Kwanza, weka kiambishi awali mbele ya kitenzi. Chukua *sъ-, "pamoja". Kipolandi: zebrać "kukusanya", lakini "nitakusanya" ni zbiorę. Kiambishi kilekile kina e upande mmoja na hakina irabu upande wa pili. Ile e ya ze- inatoka wapi? Kama mzizi ungekuwa br- tangu mwanzo, ungetarajia "zbrać".

Pili, tumia kanuni ya Havlík. Antonín Havlík aliieleza mwaka 1889 akichunguza Kicheki. Hesabu kutoka mwisho wa neno kurudi nyuma. Yeri iliyo mwisho kabisa, au iliyofuatwa na silabi yenye irabu kamili, ni dhaifu: inaanguka. Yeri iliyofuatwa na silabi yenye yeri dhaifu ni imara: inageuka irabu kamili. Ukikutana na irabu kamili, hesabu inaanza upya.

Sasa pima:

sъ-bьr-a-ti: a ni kamili, kwa hiyo ь kabla yake ni dhaifu, kwa hiyo ъ kabla ya hiyo ni imara. Matokeo: ze-br-ać kwa Wapolandi, so-br-at' kwa Warusi.

sъ-ber-ǫ: e ni kamili, kwa hiyo ъ ni dhaifu. Matokeo: z-biorę.

Ukifuta ь kwenye mzizi, hesabu ya neno la kwanza inavunjika na ze- inabaki bila mzazi. Hicho ndicho kivuli.

Tatu, thibitisha kwamba ni ь wala si ъ. Hapa wengi husahau kitenzi cha kurudiarudia. Mame-Slavi ilirefusha irabu ya mzizi ili kuonyesha tendo linalorudiwa: ь ilirefuka ikawa i, ъ ikawa y. Kirusi sobirat', Kicheki sbírat, Kipolandi zbierać (i mbele ya r ilishuka ikawa e), Kikroatia birati "kuchagua". Zote zinaelekea kwa i, kwa hiyo mzizi ulikuwa na ь. Linganisha na *zъvati "kuita", ambayo urefusho wake ni Kirusi nazyvat', kwa y, kwa sababu yeri yake ilikuwa ъ.

Nne, angalia maandiko ya kale. Kislavoni cha Kale cha Kanisa, lugha ya vitabu vya kwanza vya kanisa vya Waslavi, kinaandika bьrati, berǫ. Tahadhari tu: waandishi wa hati zile waliishi wakati yeri dhaifu zilikuwa zimeanza kufa, kwa hiyo utakutana na brati bila yeri pia. Ukikuta tahajia mbili, usichukue iliyo fupi kwa sababu ni rahisi.

Kwa anayeona ajabu irabu kufa namna hii, atazame kiambishi chetu cha mu-. Mtu kwetu, omuntu kwa Waganda, umuntu kwa Wazulu. Sisi tuliiangusha u mbele ya konsonanti, lakini mbele ya irabu ikabaki kwa sura ya w: mwana, mwimbaji. Kiambishi kimoja, sura mbili, na jirani ndiye anayeamua.

Pwani_Isimu

Sawa, kivuli nimekiona. Lakini umechagua Kipolandi kwa makusudi. Kirusi kinasema soberu, si "sberu". Kanuni yako imekwama hapo.

YeriDhaifu

Haijakwama. Soberu imevutwa na sobrat': mzungumzaji alisikia so- kwenye kitenzi-jina akaisawazisha kote. Ushahidi kwamba ni usawazishaji uko ndani ya Kirusi chenyewe. Kitenzi *dьrati "kurarua" kiko katika kalibu ileile, na kiambishi ni kilekile: sodrat' lakini sderu. Hapo so- haikusambaa. Halafu chukua kiambishi podъ-: podobrat' "kuokota", podberu "nitaokota". Inafuata hesabu nukta kwa nukta. Kicheki nacho kilisawazisha kama Kirusi: sebrat, seberu.

Ndiyo maana nasema anza na Kipolandi kwa jambo hili. Kimehifadhi jozi zebrać na zbiorę, odebrać na odbiorę, rozebrać na rozbiorę bila kuzifanya zifanane.

Bi_Fahirisi

Nyongeza kidogo kwa YeriDhaifu kabla hujaja mtu akasomea mtihani hapa. Rozebrać ya Kipolandi na razobrat' ya Kirusi si ushahidi sawa na zebrać. Kiambishi *orz- (roz- kwa Wapolandi, raz- kwa Warusi) hakikuwa na yeri mwishoni. Ile e na ile o zilizoingia katikati zimeigwa kutoka viambishi vyenye yeri halali, kama sъ- na podъ-. Zikitumiwa kuthibitisha ь ya mzizi, mnathibitisha kwa nakala.

YeriDhaifu

Nimekubali, Bi Fahirisi. Iondoeni rozebrać kwenye orodha ya ushahidi, ibaki kwenye orodha ya mifano tu.

Kinyota_Kimoja

Tuendelee na watoto. Nitapita haraka pale pasipo na neno.

Kirusi: brat', beru, berëš', berut. Mkazo ndio wa kuangalia. Kitenzi hiki kilikuwa katika kundi la mkazo unaohama, na alama yake imebaki kwenye wakati uliopita: bral, brálo, bráli, lakini kwa mwanamke ni bralá, mkazo mwishoni. Wenyewe Warusi huteleza wakasema brála, na kamusi zao zinakataa.

Kiukraine: braty, beru, na wakati uliopita brav, kwa kuwa l ya mwisho iligeuka sauti inayoandikwa v. Kibelarusi: brac', bjaru.

Kipolandi: brać, biorę, bierzesz, bierze, biorą. Hapa pana mambo mawili kwa mpigo. Mbele ya r ngumu, e iligeuka o: bior-. Mbele ya irabu ya mbele, r ililainika ikawa rz na e ikabaki: bierz-. Ukiona io ukadhani ni mzizi wenye o, umepotea njia. O hii ni ya Kipolandi peke yake, haikutoka Mame-Hindi-Ulaya.

Kicheki: brát, beru, bereš, berou. Zamani nafsi ya pili ilikuwa na ř, kama rz ya Wapolandi, na umbo la beře bado hukutana nalo kwenye maandishi ya kizamani. Kicheki cha leo kimesawazisha r kote. Kislovakia: brať, beriem.

Kisorbi cha Juu: brać, bjeru.

Kiserbia na Kikroatia: brati, berem, brao. Hiyo -m ya berem si ya asili. Ilianzia kwa vitenzi vichache vilivyokuwa na -mь, kama dam "natoa", kisha ikaenea. Kislovenia na Kislovakia vina habari hiyohiyo. Kwa hiyo usijenge *beremь. Ǫ ya zamani inathibitishwa na Kipolandi -ę, Kirusi -u na Kislavoni cha Kanisa.

Kibulgaria: bera. Kitenzi-jina kimekufa katika lugha hiyo, kwa hiyo kamusi huingiza kitenzi kwa nafsi ya kwanza. Anayetafuta "brati" katika kamusi ya Kibulgaria atakesha.

Sasa maana. "Kubeba" imekuwaje "kuchukua"?

Hamali_wa_Maneno

Hapa Mswahili hana haja ya kwenda mbali. Tazama kitenzi chetu chenyewe, kuchukua. Mchukuzi ni nani? Ni hamali, mtu wa kubeba mizigo. Wizara ya Uchukuzi inashughulikia nini? Usafirishaji. Na mtu akikwambia "chukua kalamu hii" hakutaki uibebe kichwani, anataka uipokee mkononi. Kubeba na kutwaa vimekaa katika kitenzi kimoja na hakuna anayechanganyikiwa.

La pili ndilo muhimu kwa mjadala huu. Angalia maana ya kubeba imejikita wapi: kwenye majina. Mchukuzi hatumwiti hivyo kwa sababu ametwaa kitu. Waslavi ni vivyo hivyo. Kitenzi kimeacha kubeba, lakini jina *bermę, "mzigo", limebaki na maana ya mababu. Limetoka kwa *bʰer-men-, na Kisanskriti kina bharman sambamba nalo.

Na *bermę ni shule ya sauti peke yake. Kundi er kati ya konsonanti mbili halikuvumilika, kila tawi likatafuta dawa yake. Waslavi wa Mashariki waliongeza irabu: beremja. Wa Kusini waligeuza mpangilio: breme kwa Waserbia, Waslovenia na Wabulgaria. Wapolandi nao waligeuza: brzemię. Wacheki: břímě, na břemeno.

Kirusi kina zote mbili. Beremja ya nyumbani imebaki katika lugha ya vijijini, "kumbatio la kuni". Bremja ni ya kanisani, iliingia na vitabu vya Kislavoni, nayo hutumika kwa mzigo wa mawazo, wa kodi, wa dhamana. Na mwanamke mjamzito ni beremennaja, "mwenye mzigo". Kipolandi kina brzemienna, Kiserbia bremenita. Nasi tunasema mja mzito, na tunasema kuchukua mimba.

Bi_Fahirisi

Hamali, mfano wa mchukuzi ni mzuri, lakini nina ugomvi na kichwa cha uzi. Kinyota ameandika *bьrati "kuchukua" kana kwamba jambo limekwisha. Hebu weka maana za watoto kwenye ramani:

Kaskazini, yaani Kirusi, Kiukraine, Kibelarusi, Kipolandi, Kicheki, Kislovakia na Kisorbi: kuchukua.

Kusini: Kiserbia na Kikroatia brati ni kuchuma, matunda au maua. Berba ni msimu wa kuchuma, hasa zabibu. Kibulgaria bera ni kuchuma. Kislovenia brati ni kuchuma, na pia kusoma. Kislavoni cha Kale cha Kanisa, chenye maandiko ya zamani kuliko wote, kinatumia bьrati kwa kukusanya.

Kusini wanachukua kwa kitenzi gani? Kiserbia uzeti, Kislovenia vzeti, Kibulgaria vzemam, vyote vya mzizi mwingine, *jęti, *jьmǫ, ndugu wa emere ya Kilatini.

Sasa rudi Kaskazini uangalie jozi za hali. Kirusi: brat' kwa tendo lisilotimilika, vzjat' kwa lililotimilika. Kipolandi: brać na wziąć. Kicheki: brát na vzít. Kitenzi kinachooa mzizi wa kigeni ili kupata umbo timilifu kinatia shaka. Inaonyesha nafasi ya "kuchukua" ilikuwa mali ya *jęti, na brat' imeingia baadaye ikashika nusu ya kazi. Kwa hiyo maana ya Mame-Slavi iandikwe "kukusanya" kwanza. Njia ni hii: kubeba, kubeba pamoja yaani kukusanya, kisha Kusini wakabaki shambani na Kaskazini wakaenda hadi kutwaa.

Kinyota_Kimoja

Nakubali sehemu kubwa. Ramani yako na jozi za vzjat' vinatosha kuweka "kukusanya" mbele, na mimi nitaandika "kukusanya, kuchukua". Sitaiondoa "kuchukua" kabisa, kwa sababu Kaskazini ni matawi mawili, Mashariki na Magharibi, na yote mawili yanayo. Ama ilikuwemo tayari kama kivuli, ama waliambukizana mapema sana.

Na "kubeba" iliondokaje? Ilipata mrithi: *nesti, *nesǫ, ambayo katika Kilithuania ni nešti. Lithuania pia wana ndugu wa kitenzi chetu, berti, lakini kwao ni kumwaga au kunyunyiza vitu vya punje kama nafaka. Kila tawi lilipomwachia *nesti mizigo, *bʰer- ikatafuta kibarua kingine.

Mwanafunzi_wa_Ljubljana

Shikamoo Bi Fahirisi. Kislovenia brati "kusoma" kimefikaje huko? Kuchuma maharage na kusoma kitabu kwa kitenzi kimoja kunanichanganya.

Bi_Fahirisi

Marahaba mwanangu. Kusoma kama kuokota herufi moja moja si ajabu Ulaya. Kilatini legere ni kukusanya na ni kusoma. Kijerumani lesen ni kusoma, na Weinlese ni uchumaji wa zabibu. Waslovenia waliishi karne nyingi chini ya utawala wa wasemaji wa Kijerumani, na wengi wanaona mkono wa lesen hapo: neno ni lao, maana imefuata mfano wa jirani. Ukisoma sentensi yenye berem, tafuta yambwa. Zabibu, uyoga, maua: kuchuma. Kitabu, gazeti, barua: kusoma. Berilo ni kitabu cha kusomea shuleni, branje ni usomaji.

Kimasedonia kimekwenda upande wa pili wa mdomo: zbor ni "neno" na zboruva ni "anazungumza". Mkusanyiko wa watu, kisha mazungumzo yao, kisha neno lenyewe. Na Kibulgaria razbiram, "kukusanya huku na huku ukitenganisha", ni kuelewa. Kimasedonia vilevile, razbira.

Kinyota_Kimoja

Hapo umefungua mlango wa majina ya o. Mzizi ukiwa na o unazaa majina ya tendo: *borъ, lakini daima na kiambishi mbele. *Sъborъ ni mkusanyiko. *Vyborъ ni uchaguzi, Kirusi vybory na Kipolandi wybory, siku ya kura. Kusini wanatumia kiambishi kingine: izbori kwa Waserbia na Wabulgaria.

*Sъborъ yatufaa kwa kuangalia yeri tena. Hesabu: ъ ya mwisho dhaifu, o kamili, ъ ya kwanza dhaifu. Kwa hiyo mtoto halali wa Kirusi ni sbor, "makusanyo", pamoja na ada inayokusanywa. Lakini Kirusi kina pia sobor, "baraza la kanisa" na "kanisa kuu". Hilo limekuja kutoka Kislavoni cha Kanisa, ambako msomaji alitamka kila yeri iliyoandikwa, hata dhaifu. Ndilo neno la Zemskij sobor (baraza la nchi) la mwaka 1613 lililomchagua Mikhail Romanov kuwa mfalme. Kikroatia kina zbor, na kina sabor yenye a ya yeri iliyopaswa kufa. Sabor ndilo jina la bunge lao. Waromania, wasio Waslavi, waliazima sobor.

Kipolandi kina vitu viwili tena: zbór, ambalo leo ni jamii au nyumba ya ibada ya Waprotestanti, na zbiór, "mkusanyo" au mavuno. La pili limefuata biorę, ndiyo maana lina io.

Na mkitaka kuona kiambishi kimoja kikibadilisha historia, *orz- "mbalimbali": Kicheki rozbor ni uchambuzi, Kirusi razbor vilevile. Kipolandi rozbiór ni uchambuzi pia, lakini kwa wingi, rozbiory, kila mtoto wa shule anajua ni kugawanywa kwa nchi yao mara tatu na Urusi, Prussia na Austria: 1772, 1793 na 1795.

Kokwa_Kavu

Wakuu, mimi nasema wazi: beba yetu na *bʰer- ni kitu kimoja. B kwa b, maana ileile. Mnazunguka mbuyu.

YeriDhaifu

Ndugu Kokwa, silabi moja iliyofanana haijengi ukoo. Tatizo liko kwanza upande wetu: *b ya Mame-Bantu mwanzoni mwa neno, katika Kiswahili, kwa kawaida imedhoofika au imepotea. Abantu ya Wazulu ni watu kwetu, bona ni ona. Neno letu la leo lenye b mwanzoni linahitaji maelezo ndani ya Kibantu kabla halijapandishwa meli kwenda Ulaya. Pili, r ya *bʰer- imekwenda wapi, na b ya pili ya beba imetoka wapi? Leta maneno mengine kumi yenye uwiano huohuo, *bʰ kwa b na *r kwa b, tuzungumze. Sauti hulinganishwa kwa safu, neno moja ni bahati.

Hamali_wa_Maneno

Kokwa asikate tamaa, mzizi huo umo katika Kiswahili, ila umeingia kwa mlango wa mkopo. Refa wa mpira: kutoka Kiingereza, na nyuma yake Kilatini re-ferre, "kurudisha, kupeleka kwa". Hiyo -fer- ndiyo *bʰer-. Fosforasi: Kigiriki phōs "nuru" na -phoros "mbebaji". Lusifa wa mahubiri: Kilatini lux na -fer, tena "mbeba nuru", kwa Wagiriki na Walatini yote mawili yalikuwa majina ya nyota ya asubuhi.

Ila msije mkaingiza rufaa. Hospitali ya rufaa na refa vinafanana kwa sauti, lakini rufaa ni ya Kiarabu, mzizi wa r-f-ʿ, "kuinua". Na feri ya kuvukia si ndugu pia, hiyo ni ya mzizi mwingine wa Mame-Hindi-Ulaya, *per-.

Bi_Fahirisi

Mitego ya ndani ya Kislavi nayo iandikwe, maana ndiyo inayokosesha watu alama.

Kirusi brat "kaka" na brat' "kuchukua" vinatofautiana kwa ulaini wa t tu. Kaka ni *bratrъ, haikuwahi kuwa na yeri, na Kicheki bratr kimehifadhi r ya pili.

Borot'sja "kupambana" na bor'ba "mapambano" ni za mzizi mwingine wenye maana ya kupiga. Ukiona bor bila kiambishi awali, shuku.

Brak ni mbaya kuliko yote. Kirusi na Kiserbia brak "ndoa" kwa kawaida huhusishwa na *bьrati, kwa maana ya kuchukua mke. Kirusi brak "bidhaa mbovu" ni mkopo wa Kijerumani uliopitia Kipolandi, na Kipolandi brak ni "ukosefu". Maneno mawili, tahajia moja, na mzaha wa Warusi juu yake hauishi.

Mwanafunzi_wa_Ljubljana

Nikitaka kujipima kama nimeelewa, nichukue kitenzi gani?

YeriDhaifu

Vya kalibu hii: *dьrati, *derǫ "kurarua", *pьrati, *perǫ "kupiga", kisha "kufua", kwa sababu nguo zilifuliwa kwa kupigwa, *zъvati, *zovǫ "kuita", *gъnati, *ženǫ "kufukuza". Kwa kila kimoja andika kitenzi-jina na nafsi ya kwanza kwa Kirusi, Kipolandi na Kiserbia, weka kiambishi sъ- mbele, hesabu yeri kwa mkono, ndipo ufungue kamusi. Pale hesabu isipolingana na kamusi usibadilishe hesabu kwanza. Tafuta umbo la jirani lililolivuta neno. *Gъnati iache mwisho, kwa sababu Kirusi kimetupa *ženǫ kikaweka gonju ya kitenzi kingine, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kanuni ya sauti ambayo haipo.